Tukilipa Leo, Tunakuwa wa Ngapi?

Swali aliliuliza mama mdogo. Tulikuwa sebuleni kwao Uyole, watu tisa, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai na jiko la mkaa limetolewa nje ili moshi usimsumbue mgonjwa. Mezani palikuwa na bahasha kubwa ya picha za kifua, daftari la kikao, na karatasi moja iliyotumwa kwa simu kutoka Dar es Salaam kisha ikachapwa stationari ya jirani. Karatasi ilisema malipo ya awali yakishatumwa, mgonjwa "atawekwa kwenye foleni ya pafu" nchini India. Mama mdogo hakubishana na bei. Alitaka kujua jambo moja: tukilipa leo, tunakuwa wa ngapi?

Mimi ni muuguzi, na kwenye ukoo wetu muuguzi ndiye daktari, mfamasia na mkalimani wa kila karatasi yenye mhuri. Nikaombwa nijibu. Sikuweza kujibu siku ile, nikaomba wiki mbili. Kilichofuata ndicho nimekiandika hapa, kwa ruhusa ya familia, majina nikiyaacha.

Mgonjwa

Baba mdogo ana miaka 53. Ni mtu wa Rungwe, lakini kifua chake kimeharibikia Chunya. Alikwenda huko mwaka 2001 akiwa kijana mwenye nguvu, akafanya kazi kwenye makarasha ya upande wa Makongolosi na Matundasi mpaka mwaka 2017. Asiyelijua karasha alifikirie hivi: mdomo wa chuma unaotafuna mawe ya dhahabu yakiwa makavu, injini ya dizeli pembeni, na mtu mmoja amesimama hatua moja kutoka kwenye mdomo huo akiulisha kwa koleo kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Kinga yake ilikuwa kanga iliyochanika, kaifunga puani. Jioni, anasema, ukipiga chafya kitambaa kinakuwa na uji wa kijivu.

Vumbi la mawe yale lina silika. Chembe zake ndogo kabisa hupita koo na mirija, zikafika kwenye vifuko vya hewa, na mwili haujui namna ya kuziyeyusha. Unazizungushia kovu. Kovu linakaza, linavuta, pafu linakuwa gumu kama sponji iliyoachwa juani, na ubaya wake ni kwamba kazi hiyo huendelea hata baada ya mtu kuliacha karasha. Silika pia humfungulia mlango mdudu wa kifua kikuu. Baba mdogo aliugua TB mwaka 2016, akameza dawa miezi sita akamaliza. Kikohozi kiliporudi kila mtu, pamoja na mimi, aliamini ni TB tena. Makohozi yalipimwa mara nne bila kuonyesha kitu. Picha ya CT ndiyo iliyosema kilichokuwa kimekaa humo siku zote.

Siku ya kikao, bila mashine, kipima oksijeni cha kidoleni kilisoma 86. Akiwa na mashine ya oksijeni ya lita 3 kwa dakika, kilipanda hadi 92. Kwenye korido ya hospitali, kwa dakika sita, alitembea mita 210 na kusimama mara mbili. Urefu wake ni sentimita 158, uzito kilo 49, damu kundi O. Nitazirudia namba hizi, kwa sababu kila moja ina mahali pake kwenye hesabu za watu wa mbali.

Namba ya kijana wa chuo

Mdogo wetu anayesoma Iringa alikuja kikaoni na jibu lake tayari. Alikuwa amekuta kwenye intaneti kikokotoo cha Marekani cha alama za ugawaji wa mapafu, akajaza vipimo vya baba mdogo, kikampa 40 na kitu kati ya 100. Akasema kwa furaha kidogo, "Ana alama nzuri." Baba mkubwa akamuuliza, nzuri kwa mgonjwa au nzuri kwa mtihani?

Lilikuwa swali la utani, ila lina uzito. Kule alama kubwa ina maana kwamba mtu yuko karibu na kufa na bado pafu jipya litamsaidia. Kijana alinionyesha simu, akabadilisha kisanduku kimoja tu, kile cha oksijeni anayohitaji mgonjwa akiwa amekaa. Akaweka 5 badala ya 3, na alama zikaruka juu mbele ya macho yetu. Mama mdogo akauliza kama basi tuwaambie anatumia lita 5.

Hapo ndipo nilipoona kwamba familia yangu, bila kusoma chochote, imegundua tatizo ambalo wataalamu wa ugawaji wamehangaika nalo kwa miaka. Kila kanuni ya kugawa huzaa tabia yake.

Marekani kabla ya Mei 2005 waligawa mapafu kwa muda wa kusubiri. Aliyeandikishwa kwanza, kundi la damu likilingana na kifua kikitosha, alipewa kwanza. Inasikika kama haki ya dukani. Matokeo yake madaktari walianza kuwaandikisha wagonjwa mapema, wengine wangali na nguvu, ili tu wakusanye siku. Wenye ugonjwa unaokwenda taratibu, kama wale wa mapafu yaliyotanuka kwa sigara, walidumu mpaka zamu zao zikafika. Wenye makovu ya mapafu yanayokimbia walikufa wakiwa wa arobaini, wa thelathini, wa kumi. Mwaka 1995 wenye makovu yasiyojulikana chanzo waliongezewa siku 90 za bure kwenye hesabu yao, kiraka ambacho hakikutosha. Japani waliendelea kwa muda mrefu na utaratibu wa siku za kusubiri, na kule watu wa makovu wamekuwa wakisubiri miaka, wengi wasiifikie zamu. Ugonjwa ni uleule na madaktari ni hodari vilevile. Kinachoamua nani afie kwenye orodha ni kanuni.

Mei 2005 Marekani wakabadilisha. Wakauliza maswali mawili kwa kila mgonjwa: ndani ya mwaka mmoja ujao, anatarajiwa kuishi siku ngapi asipopata pafu, na siku ngapi akilipata? Kisha wakachukua siku za kuishi akiwa na pafu, wakatoa siku za kuishi bila pafu mara mbili, na jibu wakalipeleka kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Nililiandika kwenye daftari la kikao kwa watu wawili wa kubuni. Wa kwanza anatarajiwa siku 300 bila pafu na 330 akiwa nalo: 330 toa 600, anabaki na hasi 270. Wa pili anatarajiwa siku 60 bila pafu na 300 akiwa nalo: 300 toa 120, anapata 180. Wa pili anatangulia, ingawa baada ya upasuaji anatarajiwa kuishi siku chache kuliko mwenzake. Hasara ya kusubiri imehesabiwa mara mbili makusudi.

Mabadiliko yalionekana haraka. Vifo vya watu walioko kwenye orodha vilipungua, muda wa kusubiri ukafupika, na watu wa makovu ya mapafu wakawa ndio wapokeaji wengi zaidi, wakiwapita wale wa sigara. Wengi walidhani kuwapa mapafu watu mahututi kungeharibu matokeo ya upasuaji, lakini kuishi mwaka wa kwanza hakukuporomoka. Kilichoongezeka ni siku za kulala hospitali na gharama, na umri wa wapokeaji ukapanda. Ujerumani nao wakaichukua hesabu hiyo mwishoni mwa 2011.

Kijana wetu hakujua kwamba kikokotoo alichokuwa ameshika kilikuwa cha kanuni iliyokwisha kuachwa. Tangu Machi 2023 Marekani wanatumia alama za namna nyingine, bado kati ya 100. Uharaka wa ugonjwa una 25. Uwezekano wa kuishi miaka 5 baada ya upasuaji, ambao zamani ulipimwa kwa mwaka 1 tu, una 25. Wasiotimiza miaka 18 wana 20 zao, na aliyewahi kutoa kiungo chake akiwa hai ana 5. Urahisi wa kulisafirisha pafu una 10. Zinabaki 15 za maumbile: 5 kwa kundi la damu, 5 kwa kinga za mwili zinazokataa viungo vya watu, 5 kwa urefu.

Hizo 15 ndizo zilizonikalisha usiku. Tazama damu. Pafu la mtu wa kundi O linaweza kupewa mtu yeyote, lakini mgonjwa wa kundi O hupokea la O peke yake. Kwa hiyo kila pafu la O linalokwenda kwa mtu wa A au B ni pafu ambalo mtu wa O hatalipata, naye hana pa kwenda kufidia. Kanuni ya Machi 2023 ilipoanza, watu wa O walijikuta nyuma kwa sababu alama walizowekewa zilikuwa ndogo mno. Ilibidi Septemba mwaka huohuo ziongezwe. Miezi sita tu, na kosa la namba chache kwenye jedwali lilikuwa tayari limewafikia watu wenye majina na watoto. Kwetu kundi O ndilo la wengi. Baba mdogo ni O, mkewe O, watoto wake wote O.

Tazama urefu. Pafu la mtu wa futi sita haliingii kwenye kifua cha mtu wa sentimita 158, tena kifua chenyewe kimevutwa ndani na makovu. Mtu mfupi anasubiri mtoaji mfupi. Kanuni ya zamani haikumwongezea chochote kwa hilo. Ya sasa inampa hadi alama 5, na mimi naona ndiyo sehemu ya uungwana kuliko zote kwenye jedwali lile, kwa sababu inakiri kwamba ufupi si kosa la mtu.

Sasa zile lita 3. Uyole iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa tunayovuta Mbeya ina msukumo wa takribani asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Mapafu mazima hayalijui hilo. Mapafu ya baba mdogo yanalijua kila dakika. Mtu yuleyule, kovu lilelile, akishuka pwani angehitaji oksijeni pungufu, na kikokotoo kingemwona mzima zaidi kuliko alivyo Mbeya. Nilimweleza kijana: ile 40 na kitu ni alama ya baba mdogo pamoja na mlima Loleza. Huwezi kuibeba ukaipeleka Chennai, mji wa India ulioko ufukweni.

Chennai

Na Chennai ndiko karatasi ilikokuwa ikituelekeza. Tanzania tunapandikiza figo: Muhimbili walianza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata mwaka 2018, kwa figo za ndugu walio hai. Pafu ni jambo jingine. Linatoka kwa mtu ambaye ubongo umekufa na moyo bado unapiga kwa msaada wa mashine, na linahitaji mfumo mzima wa kumtambua mtu huyo, kuzungumza na ndugu zake usiku uleule, kulipima pafu, na kulifikisha kwa mwenye kulihitaji. Likihifadhiwa kwa barafu kwa njia ya kawaida lina saa 6 hivi.

Saa 6 zinajibu mambo mengi. Marekani kabla ya Novemba 2017 pafu lilitolewa kwanza kwa wagonjwa wa eneo la kiutawala la mtoaji, hata kama ng'ambo ya mto, eneo jingine, alikuwapo mgonjwa mahututi zaidi. Kesi ya mgonjwa mmoja kijana wa New York ikawalazimisha kuutupa mpaka huo na kuchora duara la maili 250 za baharini kuzunguka hospitali ya mtoaji, kama kilomita 460. Ukilichora duara hilo kutoka Mbeya mjini, linazifikia Iringa, Songea na hata Dodoma, na Dar es Salaam inabaki nje. Nimelitaja ili ieleweke kwamba hakuna namna ya mgonjwa kukaa Uyole akisubiri simu ya Chennai. Anayesubiri pafu lazima ahamie karibu na hospitali, na mtu wa kumwangalia, kwa muda usiojulikana.

Nilimpigia wakala aliyetuma karatasi. Nikamuuliza ni hospitali gani imekubali kumwandikisha mgonjwa ambaye haijamwona. Akasema hayo ya kitaalamu tuwaachie wao. Nikauliza malipo ya awali ni ya kitu gani hasa. Akasema ni ya usajili, na nafasi zinajaa. Nafasi zinajaa! Kama basi la Krismasi.

Kisha nikaandika barua pepe moja kwa moja kwenye hospitali ya kule, nikaambatanisha CT, vipimo na barua ya daktari wake. Walijibu baada ya siku nne, kwa adabu na bila kuficha. Mgonjwa aje kwanza kufanyiwa uchunguzi wa siku kadhaa. Wakimkubali, apange nyumba karibu. Muda wa kusubiri hawawezi kuutaja. Na kwa kuwa ni mgeni, atafikiriwa kiungo kinapokuwa kimekosa mwenyeji.

Hicho cha mwisho ndicho kanuni yenyewe. Sheria ya India ya viungo ni ya mwaka 1994, na inakataza kununua na kuuza viungo. Kanuni zake za mwaka 2014 zimepanga mtiririko: kwanza orodha ya jimbo, kisha ya kanda, kisha ya taifa, kisha mtu mwenye asili ya India, na mwisho kabisa mgeni. Mwaka 2018 kulizuka malalamiko makubwa kule kwamba wageni walikuwa wakipewa mioyo na mapafu Chennai huku wenyeji wakisubiri, na tangu hapo macho yamekuwa makali zaidi juu ya jambo hilo.

Baadhi ya ndugu walikasirika niliposoma barua hiyo. Wakaiita ubaguzi. Mimi siwaungi mkono. Yale mapafu yametoka kwa familia za Kihindi zilizokubali, saa mbaya kuliko zote maishani mwao, mtu wao afunguliwe kifua. Sisi hatujaweka hata pafu moja kwenye chungu hicho. Mgeni kwenye meza ya watu hapangi nani anawe kwanza. Afrika Kusini nako, wanakopandikiza mapafu, sheria yao ya afya ya mwaka 2003 inataka kibali cha maandishi cha waziri kabla ya kiungo kuwekwa kwa asiye raia wala mkazi wa kudumu.

Ila ni lazima kuona kanuni hiyo inamfanyia nini mgonjwa kama wetu. Akifika kwake, pafu limeshapita kwa wengi likakataliwa: kwa sababu halikulingana na mtu, au saa zimekwenda, au lina walakini. Uharaka wa ugonjwa wake, ule unaomsogeza mtu mbele Marekani, hapa unasubiri nyuma ya pasipoti. Na wakati huo anahesabiwa kodi ya nyumba, oksijeni na chakula cha watu wawili. Fedha ya shamba, ambalo familia ilifikiria kuliuza, ingenunua kusubiri tu. Makadirio ya hospitali, upasuaji peke yake, yalikuwa zaidi ya mara nne ya bei ya shamba lote la Tukuyu.

Ndugu waliojitolea

Kikao cha pili kilianza na mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 24, kusimama na kusema atatoa pafu lake moja, kama watu wanavyotoa figo. Chumba kizima kilinyamaza. Ilinibidi nimwambie taratibu kwamba mtu aliye hai hatoi pafu zima. Kuna upasuaji ambamo watu wawili hutoa kila mmoja kipande cha chini, mmoja cha kulia na mwingine cha kushoto, na vipande hivyo viwili vinakuwa mapafu ya mgonjwa. Ulishika kasi Marekani miaka ya 1990, ukaendelezwa zaidi Japani, ambako foleni ndefu iliwafanya ndugu kuwa tumaini la haraka. Marekani uliachwa karibu kabisa baada ya kanuni ya 2005, maana mahututi walianza kupata mapafu ya waliokufa kwa wakati. Hata upasuaji wa ndugu, ukiuchunguza, ulipungua au kukua kwa kufuata kanuni ya foleni.

Jambo jingine sikulisema mbele za watu. Kijana huyu anafanya kazi kwenye karasha, Matundasi, mwaka wa tano sasa. Pafu alilotaka kumpa baba yake limekuwa likivuta vumbi lilelile.

Kuhusu baada ya upasuaji, nitasema kidogo, ingawa ndiko kwenye nusu ya kisa. Waliopandikizwa mapafu duniani, takribani nusu yao huwa hai miaka 6 hivi baadaye, pungufu ya figo kwa mbali. Dawa za kuzuia mwili usilikatae pafu humezwa kila siku hadi mwisho, na kiwango chake kwenye damu kinapimwa mara kwa mara, maana kikishuka pafu linakataliwa, kikizidi figo zinaungua. Dawa hizohizo hulaza kinga, na baba mdogo tayari aliwahi kuugua TB. Miongozo ya kimataifa ya kuwachagua wagonjwa inataka mtu awe na hatari zaidi ya asilimia 50 ya kufa ndani ya miaka 2 bila pafu, na, kwa kuangalia afya ya mwili wake mwingine na kuchukulia kwamba pafu jipya litafanya kazi vizuri, matumaini zaidi ya asilimia 80 ya kuishi miaka 5 baada yake. Inaangalia pia kama ana watu wa kumtunza na uwezo wa kufuata matibabu. Kwa hiyo kabla ya mizani kuna mlango, na mlangoni wanauliza: akirudi nyumbani, nani atampima hiyo dawa? Huwezi kuwalaumu kwa kuuliza. Lakini ni swali ambalo mtu wa Chennai analijibu kwa kutaja mtaa, na mtu wa Uyole analijibu kwa kutaja nauli.

Majibu

Nilimjibu mama mdogo hivi, kwa Kiswahili cha jikoni: Mama, hatuwi wa ngapi. Marekani hakuna namba, kuna mizani, kila pafu linapotokea wanapimwa upya wanaolingana nalo. India tungekuwa baada ya wote, hata tukilipa leo, hata tungelipa mwaka jana. Anayekuuzia namba anakuuzia hewa.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha baba mdogo, ambaye kwenye vikao vyote viwili alikuwa hajasema, akaomba apewe nafasi. Huzungumza kwa vipande, sentensi ndefu zimemshinda.

"Mnataka muuze shamba," alisema. Akavuta. "Nikakae chumba cha kupanga." Akavuta. "Ningoje Mhindi afe." Akavuta muda mrefu zaidi, mashine ikinguruma. "Halafu wenzake wote wamkatae."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Baba mkubwa akafunga daftari.

Sikukubaliana naye moja kwa moja, na nilimwambia. Kama angekuwa na miaka 35, kama fedha zingekuwapo bila kugusa shamba, ningependekeza aende walau akachunguzwe, kwa sababu watu huvuka mlango ule, na mgeni wa mwisho kwenye orodha si mtu aliye nje ya orodha. Alinisikiliza. Akasema angependa kuzikwa akiwa na shamba.

Familia iliuza nusu ekari tu. Wakanunua mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa sababu ile ya kuazima ilikuwa ya kurudisha, na betri ya kubeba mashine saa tatu umeme ukikatika. Ndani ya nyumba hapawashwi mkaa tena, mama mdogo anapikia gesi, maharage tu ndiyo yanapikiwa uani. Mara mbili kwa wiki baba mdogo anatembezwa korido ya nyumba na kufanya mazoezi ya kupumua aliyofundishwa kliniki. Mwezi uliopita alifika mita 240, akasimama mara moja. Makovu hayarudi nyuma, hilo analijua. Wote waliokaa naye nyumba moja wamepimwa TB, hakuna aliyekutwa nayo.

Wakala wa Dar es Salaam alipiga tena mara mbili. Mara ya pili alisema ameokoa nafasi yetu kwa wiki moja zaidi.

Kijana wa Matundasi alikataa kuacha kazi, ana mtoto mchanga. Amekubali kupiga picha ya kifua mwisho wa mwezi, na amesema mwenye karasha ameahidi kuweka bomba la kumwagia mawe maji kabla ya kusagwa. Tulimnunulia barakoa nzito zenye kichujio, pakiti ya kumi, kwa chenji ya ile nusu ekari. Alipanda Coaster ya Chunya Jumatatu asubuhi, pakiti imo ndani ya begi, haijafunguliwa. Baba yake alikaa mlangoni na mrija puani mpaka gari likakata kona.